Kichwa na Shingo ya Mtoto Mchanga: Maneno kwa Wazazi Wapya

Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya jambo liwasumbualo sana wazazi wapya, nalo ni kichwa cha mtoto mchanga na shingo yake.

Baba humtazama mtoto wake wa kwanza, akaona kichwa kimerefuka kama yai, akanyamaza kwa hofu. Mama hugusa utosi, akausikia wapiga kama moyo, akaondoa mkono upesi. Shingo nayo haina nguvu, na kichwa chaanguka huku na huku. Kisha jirani huja kumtazama mtoto na kusema neno lake, na shangazi naye husema lake, wala maneno hayo hayapatani. Huyu asema kichwa ni kikubwa mno, yule asema ni dalili ya akili.

Nyingi za hofu hizi ni bure, na wazazi wangeweza kulala usingizi. Lakini nyingine si bure hata kidogo, maana wako watoto waliopoteza macho yao au akili zao kwa sababu watu wa nyumbani walingoja miezi mingi wakiambiana kwamba yatapita. Taabu iko katika kupambanua. Njia ya kupambanua ipo, wala si ngumu: msimlinganishe mtoto na mtoto wa jirani, bali mlinganisheni na yeye mwenyewe, mwezi hata mwezi. Basi tuyatazame mambo haya moja moja.

KICHWA CHA SIKU ZA KWANZA

Fuvu la mtu mzima ni kama chungu kilichokwisha kuchomwa, gumu pande zote. Fuvu la mtoto mchanga si hivyo. Ni vipande vya mfupa mwembamba vilivyounganishwa kwa utando wenye nguvu. Sababu zake ni mbili. Ya kwanza, kichwa kipate kupita katika njia ya uzazi, maana vipande vile husogeleana na hata kupandana kidogo. Ya pili, ubongo upate nafasi ya kukua. Mtoto azaliwapo, ubongo wake una uzito kama robo tu ya ule wa mtu mzima, nao hukua upesi sana katika mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kwa uchungu wa muda mrefu huonekana na kichwa kirefu au kilichochongoka nyuma. Msiogope. Kwa kawaida umbo hurudi katika siku chache, au katika juma moja au mawili. Vile vile uvimbe laini wa ngozi ya kichwa, uonekanao mara mtoto azaliwapo, hupungua katika siku chache.

Uko uvimbe mwingine utokeao baada ya saa kadha au siku ya pili, mara nyingi upande mmoja wa kichwa, wenye mpaka ulio dhahiri. Hiyo ni damu iliyokusanyika chini ya utando wa mfupa. Uvimbe huu hukawia, pengine majuma mengi, pengine miezi miwili au mitatu, lakini huisha wenyewe. Haifai kabisa kuutoboa wala kuuchanja, kwa kuwa wembe huingiza vijidudu mahali ambapo havikuwapo. Ila mtoto mwenye uvimbe huu atazamwe sana macho yake na ngozi yake, maana damu ile ikivunjika huweza kuzidisha rangi ya manjano mwilini. Rangi hiyo ikionekana katika siku ya kwanza ya maisha, au ikifika viganja vya mikono na nyayo, mtoto apelekwe hospitali siku ile ile. Manjano kali huharibu ubongo, na mtoto aliyeharibiwa hivyo huenda asiweze kukaza shingo hata umri wa kuikaza upite.

Tena wako bibi zetu wapendao kumkanda mjukuu kichwa kwa kitambaa cha maji ya moto ili kiwe mviringo. Twajua wafanya hivyo kwa upendo. Kumwosha mtoto kwa maji ya uvuguvugu ni vyema, lakini kukikandamiza kichwa hakufai, wala hakuna haja, maana kichwa chajitengeneza chenyewe.

UTOSI

Mahali ambapo vipande vya fuvu havijakutana huachwa nafasi laini. Nafasi hizo ni mbili zilizo kubwa. Ya nyuma ni ndogo, nayo hujifunga mapema, kwa kawaida kabla ya miezi mitatu. Ya mbele, ambayo ndiyo watu waiitayo utosi, hukaa wazi muda mrefu. Kwa watoto wengi hufunga kati ya mwezi wa 9 na wa 18, na wako wazima wafikao miaka miwili.

Utosi ukipiga polepole pamoja na moyo, hiyo si ugonjwa. Chini yake mna mishipa ya damu, nao utando ni laini, kwa hiyo mapigo huonekana. Mama aweza kuugusa, kuuosha na kuufuta bila hofu, maana utando ule una nguvu kuliko uonekanavyo.

Lakini utosi husema habari za mwili, na mzazi apaswa kuielewa lugha yake. Umtazame mtoto akiwa ametulia, halii, naye ameketishwa wima mikononi mwako. Hapo utosi hupasa kuwa sawa na fuvu, au kushuka kidogo sana. Ukibonyea kama kisahani, na mtoto anahara au anatapika, midomo yake mikavu, mkojo wake haba, basi maji yamepungua mwilini. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu huuhesabu utosi uliobonyea kuwa ugonjwa peke yake, wakaupaka mafuta na dawa za majani. Mafuta hayawezi kurudisha maji mwilini. Mama amnyonyeshe mtoto mara nyingi zaidi, na mtoto apelekwe upesi kwenye zahanati kupewa dawa ya kurudisha maji na vidonge vya zinki.

Utosi ukivimba na kukaza ingawa mtoto ametulia na ameketishwa wima, hilo ni jambo zito zaidi. Kukiwa na homa, au mwili kuwa wa baridi, au mtoto akatae kunyonya, au apatwe na degedege, yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Wengi hudhani kwamba ugonjwa huu hutambulikana kwa shingo kuwa ngumu. Kwa mtu mkubwa ni kweli mara nyingi, lakini kwa mtoto mchanga shingo yaweza kubaki laini hali ugonjwa umekwisha kuingia. Kwa hiyo msingoje shingo. Ondokeni saa ile ile, hata kama ni usiku.

FUTI NA DAFTARI

Sasa twafika kwenye jambo ambalo twalitilia nguvu kuliko yote. Wazazi wengi hukitazama kichwa kwa macho, na macho hudanganya. Mtoto mwembamba huonekana ana kichwa kikubwa. Mtoto mwenye nywele nyingi huonekana hivyo pia. Dawa ya udanganyifu huu ni futi, ile ile ya fundi cherehani apimiayo nguo.

Hupimwa hivi. Futi ipitishwe mbele juu kidogo ya nyusi, pembeni juu ya masikio, na nyuma mahali palipotokeza zaidi. Isilegee. Pimeni mara tatu, mkaiandike namba iliyo kubwa kuliko zote, pamoja na tarehe. Mwombeni mwuguzi awapimie siku za kliniki, na kama hapana mahali pa kuiandika katika kadi, iandikeni katika daftari mtakalolitunza pamoja na kadi. Siku hizo mwazijua: mtoto azaliwapo, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa ajili ya chanjo, na baadaye mwezi wa 9 na wa 18, tena kuna siku za kumpima uzito kila mwezi.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, kichwa cha mtoto mchanga wa kiume aliye katikati ya wenzake ni sentimeta 34.5 kukizunguka, na cha wa kike sentimeta 33.9. Akitimiza miezi 3 huwa 40.5 kwa wa kiume na 39.5 kwa wa kike. Miezi 6 huwa 43.3 na 42.2. Mwaka mmoja huwa 46.1 na 44.9. Mwaona jinsi mwendo unavyokwenda: katika miezi mitatu ya kwanza kichwa huongezeka kama sentimeta 6, kisha mwendo hupungua, na katika nusu ya pili ya mwaka huongezeka chini ya sentimeta 3 tu.

Namba hizi ni za katikati, wala si sheria. Mtoto mwenye kichwa kidogo kuliko hizi aweza kuwa mzima kabisa, na mwenye kikubwa vile vile, hasa kama baba yake au mama yake ana kichwa kikubwa tangu utoto. Chukueni mfano huu. Tuseme katika kijiji kimoja wamezaliwa watoto wawili. Wa kwanza ni msichana, alizaliwa na sentimeta 33. Mwezi wa kwanza akawa na 35.5, wa pili 37.3, wa tatu 38.5. Mama yake hulia, maana watu husema kichwa ni kidogo. Wa pili ni mvulana, alizaliwa na sentimeta 35. Mwezi wa kwanza akawa na 38.5, wa pili 42. Baba yake hufurahi, maana watu husema mtoto huyu atakuwa mwalimu. Basi ni yupi wa kuhofiwa? Si yule msichana. Yeye yuko chini kidogo ya katikati, lakini mwendo wake ni sawasawa na wa wenzake. Wa kuhofiwa ni mvulana, ambaye katika miezi miwili ameongezeka sentimeta 7, hali wenzake wameongezeka kama 4 na nusu. Huyu hafai kungoja kliniki ya mwezi ujao.

Kinyume chake nacho chapasa kuangaliwa. Kichwa kikiacha kukua, mstari wake ukazidi kushuka chini ya wenzake mwezi hata mwezi, yaweza kuwa ubongo wenyewe haukui. Sababu ni nyingi: maambukizo wakati wa mimba, mtoto kukosa pumzi alipozaliwa, na pombe ambayo mama aliinywa akiwa na mimba. Hapa kwetu wako wasemao kwamba rubisi si pombe, bali ni chakula cha ndizi. Kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni, rubisi ni pombe kama nyingine.

SHINGO

Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Si ajabu basi shingo kushindwa kukibeba mwanzoni. Nguvu hushuka polepole kutoka juu kwenda chini: kwanza shingo, kisha mgongo, kisha kiuno na miguu.

Mwezi wa kwanza, mtoto akilazwa kifudifudi, huinua kichwa kidogo na kukigeuza upande. Mwezi wa pili hukiinua zaidi na kukishikilia kitambo. Mwezi wa tatu na wa nne hukikaza akiwa ameketishwa, kisitikisike ovyo, naye hugeuka kumtafuta amwitaye. Akishikwa mikono na kuinuliwa taratibu kutoka kulala, kichwa cha mchanga hubaki nyuma. Cha mtoto wa miezi minne au mitano hufuatana na mwili. Wengi huketi peke yao karibu na mwezi wa sita, na wengine wazima hukawia hata wa tisa.

Mtoto aliyetimiza miezi minne na kichwa chake bado chaanguka kama cha siku za kwanza apelekwe kwa daktari. Hatusemi kwamba hakika ni mgonjwa. Twasema kwamba umri wa kungoja nyumbani umepita. Mtoto njiti ahesabiwe umri wake tangu siku ambayo angalipaswa kuzaliwa. Aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati hawezi kudaiwa mwezi wa nne kazi ya mwezi wa nne.

Mwaweza kuisaidia shingo. Tangu siku za kwanza, mtoto akiwa macho na mtu anamtazama, alazwe kifudifudi kitambo kidogo mara kadha kila siku, juu ya mkeka au juu ya kifua cha baba yake. Baba amwite jina, naye atajaribu kuinua kichwa amwone. Lakini akilala usingizi alazwe chali, maana kulala kifudifudi kumewaua watoto wengi kwa kukosa pumzi. Kwa kulala chali kichwa chaweza kubapa nyuma au upande mmoja. Basi geuzeni upande autazamao, leo dirishani, kesho mlangoni. Ubapa huo hauharibu ubongo, na mara nyingi hupungua mtoto aanzapo kuketi.

Katika juma la pili hata la nne wazazi wengine huona kinundu kigumu upande wa shingo, na mtoto hupenda kutazama upande mmoja tu, kichwa kimeinama. Huo ni msuli uliokaza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atawafundisha namna ya kuunyoosha, na ukianzwa mapema, watoto wengi hupona bila kupasuliwa. Lakini msiuvute ninyi wenyewe bila kufundishwa.

Juu ya kubeba, twaijua kazi ya mama wa Kihaya. Migomba yamngoja, kuni zamngoja, na mtoto hana budi kwenda naye. Kumbeba mgongoni si vibaya, bali nguo ifike kwenye kisogo cha mtoto hata shingo ikaze, na pua yake iwe wazi. Twahofu zaidi safari za pikipiki. Mtoto ambaye shingo yake haijakaza, amefungwa mgongoni juu ya njia ya mawe, kichwa chake hupigwapigwa kila hatua. Kama hapana njia nyingine, abebwe kifuani, mkono wa mama ushike kisogo, na dereva aambiwe aende polepole.

Tena neno moja kwa baba na mama waliochoka. Mtoto aliaye usiku kucha aweza kumkasirisha hata mtu mpole. Msimtikise kamwe. Mtikiso mkali hupasua mishipa ya damu ndani ya ubongo, na huweza kuua au kupofusha. Ukiona hasira imekushinda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje uvute pumzi, au umwamshe mwenzako.

KICHWA KIKUACHO MNO

Ndani ya ubongo hutengenezwa maji safi kila siku. Hupita katika vijia vyembamba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunywewa na damu. Vijia vikizibwa, maji hayakomi kutengenezwa, nayo huujaza ubongo na kuusukuma kutoka ndani. Kwa kuwa fuvu la mtoto halijaungana, kichwa hutanuka. Dalili zake ni kichwa kuongezeka upesi kwa futi, utosi kuvimba, mishipa ya ngozi ya kichwa kuonekana wazi, mtoto kutapika au kulala mno, na macho kuelekea chini kama jua linalotua.

Ugonjwa huu, ambao hospitalini huitwa kichwa kikubwa, hauna dawa ya kunywa wala ya kupaka. Dawa yake ni kupasuliwa. Madaktari hutia mrija mwembamba chini ya ngozi, uyachukue maji kutoka kichwani hata tumboni, ambako mwili huyanywa. Njia nyingine ni kutoboa kijia kipya ndani ya ubongo, bila mrija. Njia hii iliendelezwa sana na jirani zetu wa Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, ambako daktari Benjamin Warf wa Marekani alikwenda kufanya kazi mwaka 2000. Faida yake ni kubwa kwa watu wakaao mbali, maana mrija huweza kuziba au kuingiwa na vijidudu, na mwenye nao hana budi kurudi upesi dalili zikirudi.

Kupasuliwa huzuia hasara isizidi, lakini hakurudishi yote yaliyokwisha kupotea. Ndiyo sababu twasema habari za miezi na majuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili uko ukuta usioweza kujengwa tena. Mtoto aliyepelekwa mwezi wa pili, na yule aliyepelekwa mwezi wa kumi, hupata mrija ule ule, lakini hawapati matokeo yale yale.

Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka huko mtoto hupelekwa hospitali: kwa watu wa Muleba ziko Rubya, Kagondo, na Ndolage ya Kamachumu, kwa watu wa Bukoba iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kwa kupasuliwa ubongo wengi hutumwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Safari ya Mwanza ni ndefu, lakini tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, waendao kwa basi kupitia Geita hawangoji tena kivuko. Walio Bumbire, Goziba na Mazinga wana maji ya kuvuka kwanza, kwa hiyo wao waondoke mapema kuliko wengine. Asiye na nauli asikae nyumbani kwa aibu. Aulize hospitalini ofisi ya ustawi wa jamii. Kipo pia chama cha wazazi wenye watoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi hapa Tanzania, kijulikanacho kwa herufi ASBAHT, ambacho wazazi waweza kukiulizia.

KUZUIA

Katika taarifa ya daktari Warf ya mwaka 2005, juu ya watoto 300 wa Uganda, zaidi ya nusu walipata ugonjwa huu kwa sababu ya maambukizo ya ubongo, na wengi wao waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha. Basi kazi kubwa ya kuzuia i mikononi mwa watu wa nyumbani. Mama azalie mahali penye mkunga aliyefundishwa. Kitovu kiachwe kikavu na safi. Kisitiwe majivu, wala mate, wala samadi. Ye yote amshikaye mtoto anawe kwa sabuni. Mtoto mchanga aliye na homa, au aachaye kunyonya, asikae nyumbani hata siku moja. Chanjo zisikose: zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina kinga ya vijidudu viwili viletavyo homa ya uti wa mgongo, kimoja kimekingwa nchini kwetu tangu mwaka 2009 na cha pili tangu 2013.

Sehemu nyingine ya watoto hawa huzaliwa na mgongo wazi, na maji hujaa kichwani kwa sababu hiyo. Mgongo na ubongo wa mtoto hufungwa katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, yaani kabla mama wengi hawajajua kwamba wana mimba. Kitu kisaidiacho kufunga ni vitamini iitwayo foliki. Kanuni za serikali za mwaka 2011 ziliagiza itiwe katika unga wa ngano na wa mahindi utokao viwandani. Lakini sisi wa Kagera twala ndizi, na ndizi haipiti kiwandani. Maharage na mboga za majani zina foliki, nazo ziliwe sana, ila zisitegemewe peke yake. Mke atazamiaye kupata mimba aombe vidonge vya foliki mapema, asingoje tumbo kuonekana. Aliyekwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi amwone daktari kabla ya mimba nyingine, maana kipimo chake cha dawa ni kikubwa zaidi.

MANENO YA WATU

Tumebakiwa na jambo moja, nalo huchelewesha watoto kuliko umbali wa njia. Kichwa kikianza kukua, wako wasemao kwamba mtoto amerogwa, au kwamba ukoo wa mama una mkosi. Mama huanza kumfunika mtoto asionekane. Huacha kliniki, kwa kuwa kliniki kuna macho ya watu. Hivyo mtoto aliyehitaji kuonwa na daktari huwa ndiye afichwaye. Ninyi wazazi, ugonjwa huu hautokani na uchawi wala na kosa la mama. Sababu zake ndizo tulizozitaja. Baba akisema hivyo mbele ya ndugu zake, maneno mengi yatakoma. Tena baba asimwachie mama kazi ya kliniki peke yake. Na ashike futi, aandike namba, aisome kadi.

Ninyi walimu nanyi mwaweza kusaidia sana. Katika vijiji vyetu mwalimu ndiye aulizwaye maana ya namba. Mzazi akikujia na daftari lake, chora mistari miwili: mmoja wa namba za katikati tulizoziandika hapo juu, mwingine wa mtoto wake. Mistari ikienda pamoja, mmoja juu na mwingine chini, mtulize moyo. Ukiona wa mtoto wauacha ule wa katikati na kuzidi kupanda au kushuka, usimtishe, wala usimwambie angoje. Mwandikie barua ya zahanati, na kama waweza, nenda naye.

Basi wasomaji wetu, twawaomba mkate ukurasa huu na kuuweka pamoja na kadi ya mtoto. Nunueni futi moja kwa nyumba, au moja kwa majirani watatu, mkawapime watoto wenu mwezi huu, na tarehe muiandike.